Pampu Inaponyamaza Mchana

Kazini walimwita Bibi Mistari, kwa kuwa kutwa alikodolea macho mistari ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kubashiri: maji taka yakivutwa na pampu kupitia tando za kuchujia, uchafu utaganda wapi, tando zitaziba lini. Mumewe alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye matangi. Zikiziba, yeye ndiye aliyeziosha kwa dawa kali.

Dawa hiyo ilikuwa imemla. Vidole vimepasuka, na kifua hakina siri: akikohoa, nyumba nzima inajua. Jioni mkewe alimpaka mafuta kidole kimoja kimoja, moyoni akiapa kwamba kompyuta ndiyo itakayompunguzia kuosha. Lakini mkuu wa kiwanda alishasema, "Hesabu yako ikilingana na vipimo vya matangini, nitakusikiliza. Isipolingana, tutaosha tu kwa ratiba."

Na haikulingana. Kompyuta ilisema tando zinazidi kuziba tu. Vipimo vilionyesha kila adhuhuri zinapata nafuu. Akabadili hiki, akapunguza kile. Wapi!

Jioni moja, mkono wa mumewe uko mapajani pake, akauliza, "Baba watoto, mchana mnazifanyia nini tando zangu?"

"Zako tangu lini?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Hatuzifanyii kitu."

"Kweli?"

Akatazama pembeni kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nazima pampu. Kidogo tu."

"Kwa nini?"

"Si nakupigia simu? Pampu inanguruma kama imetukanwa. Nitakusikiaje?"

Bibi Mistari akasahau mafuta kiganjani. Siku zote alidhani hutoka nje kumpigia.

"Usimwambie mkuu, mke wangu. Atanila mzima."

"Lazima nimwambie. Pampu ikinyamaza, mapovu ya hewa yanayopulizwa tangini yanaukung'uta uchafu kabla haujashika. Porojo zako zinasafisha tando bila dawa!"

"Basi mwambie tulizungumza mambo ya maana."

"Uliniuliza kama nimekula."

"Si la maana hilo?"

Kesho yake alimwambia mkuu yote. Akaingiza mapumziko yale kwenye kompyuta, mstari wa hesabu na wa vipimo ikalaliana. Mkuu akamkaripia mume, tena kwa haki, kisha akaamuru pampu zipumzishwe mara kwa mara, na dawa ingoje hadi ihitajike kweli.

Siku ya kuosha ikafika, mume asioshe. Akasimama mlangoni kwa mkewe, mikono mikavu, hajui aiweke wapi.

"Eti leo sina kazi. Kompyuta yako imesema."

"Kaa, basi," akasema, akimsogezea kiti.