Zaburi ya Mwaka Mwingine

Vijana wa parokia walimwita Mama Vijana, na fundi cherehani huyu alilipenda jina hilo kuliko alilobatizwa nalo. Chini ya meza yake ya kukatia nguo palikuwa na sanduku la bati, na humo ndimo ulezi wake wote ulimokaa: picha za Njia ya Msalaba alizoshona kwa mabaki ya vitambaa, donge la uzi la mchezo wa kujuana, mishumaa ya mafungo iliyobaki vipande, nyimbo alizonakili kwa mkono wake. Kila Jumamosi mchana alilibeba hadi ukumbini, na vijana wakagombania kumpokea.

Basi akaja yule bwana wa duka la dawa. Nadhifu, mpole, ametoka parokia nyingine, akaomba asaidie vijana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo wasemavyo? Weee! Mwenyeji huyu hakupona. Aliugua.

Maana Mfamasia hakuja mikono mitupu. Alikuja na projekta, na spika ya kukaa begani, na video za watakatifu zilizotembea ukutani, na kitabu cha mwongozo chenye somo la kila wiki, na kundi la simu ambamo vijana walimwaga maswali ya imani hata wale wasiofungua mdomo ukumbini. Jumamosi ya kwanza ukumbi ulijaa. Ya tatu, watu walisimama madirishani. Sanduku la bati lilikaa pembeni, na kuna msichana aliweka miguu juu yake.

"Mama, huyu mtu tumeletewa na Mungu," paroko alimwambia.

"Amina, Baba," akajibu, meno yamefungana. Moyoni akasema: na mimi nililetwa na nani, posta?

Roho ilimuuma, tusifichane. Ilimuuma akishona, ilimuuma akila, na akikosea kukata kola basi kosa ni la Mfamasia. Alimwonea wivu spika yake, kicheko chake, hata soksi zake. Na kilichomkaba zaidi ni neno la paroko, kwamba baada ya Jumapili ya Vijana mlezi mkuu atakuwa mmoja, mwingine atasaidia tu. Misa hiyo ilikuwa mikononi mwa Mfamasia. Ikienda vizuri, Mama Vijana kwisha habari yake.

Katikati ya wiki Mfamasia akapita pale kwa cherehani na karatasi iliyochapwa kwa rangi.

"Shikamoo, mama. Huu mpangilio wa misa. Naomba uupitie kabla sijawagawia vijana, wewe ndiye mzoefu."

"Marahaba. Lete."

Akavaa miwani. Alipofika kwenye zaburi, mguu ukasimama juu ya cherehani. Masomo ya Jumapili kanisani hupokezana kwa miaka mitatu, Mwaka A, Mwaka B, Mwaka C, kisha yanarudi mwanzo. Mwaka huo ulikuwa B. Mfamasia alikuwa ameivuta karatasi mtandaoni bila kutazama herufi, na zaburi aliyochapa ilikuwa ya Mwaka A. Masomo mengine husomwa kwenye kitabu kikubwa cha mimbarini, hayo hayana neno. Lakini zaburi kwao iliimbwa kutoka karatasini, huku nusu ya kanisa ikifuatisha kwenye misale, vitabu vyao vya misa.

Ilitosha kusema, "Umekosea mwaka." Basi.

"Kuna kosa lolote, mama?"

"Iko sawa tu," akasema, akakanyaga cherehani.

Mtu alipoondoka, fundi alicheka peke yake. Acha aumbuke mbele za watu, tuone kama projekta itamwokoa!

Jumapili yenyewe aliwahi benchi la mbele. Binti yake wa pekee, msichana wa sekondari, alikuwa ametangulia, eti anakwenda kupanga viti. Huyu alikuwa na haya za kupitiliza. Miaka nenda miaka rudi mama alimbembeleza asimame mbele asome hata ombi moja la waamini, na kila mara alitetemeka mpaka akaachwa.

Somo la kwanza likasomwa, watu wakatulia. Fundi akajiweka vizuri. Akainuka mwimbaji wa zaburi, na alikuwa binti yake.

Mungu wangu! Aliimba. Sauti ambayo mama aliijua ya jikoni tu ikajaa kanisa, ikiimba shangwe. Watu wakatazama misale, wakakuta maombolezo. Wengine wakaitikia cha kitabuni, wengine walichosikia, wengine wakaulizana. Mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Hapo sipo!" na watoto wakaangua kicheko. Binti akarudia, akakwama, akatazama karatasi, akatafuta uso wa mama yake. Fundi akaitikia, peke yake, kwa sauti iliyopasuka. Binti alikuwa ameshashuka, amejifunika uso.

Baada ya misa Mfamasia alisimama akasema kosa ni lake, asilaumiwe mtoto. Paroko akamshika fundi mkono pale mlangoni.

"Uzoefu ni uzoefu, mama. Ulezi ubaki kwako."

Fundi akachomoa mkono, akakimbilia nyumbani.

Alimkuta binti amekaa kitandani, viatu bado miguuni, macho mekundu.

"Nilikuficha maana nilijua Kaka Mfamasia humpendi," binti akasema. "Nilitaka nikufurahishe. Juzi niliogopa nikataka kujitoa, Kaka akaniambia, usiogope, karatasi mama yako ameipitia. Nikasema basi, kama mama ameipitia, siwezi kuaibika."

Fundi akakaa pembeni yake. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Kwamba ni zaburi ya mwaka mwingine. Niliona siku ile ile aliyoileta."

Binti aligeuka akamtazama. Kilio kilikuwa kimekatika.

"Sikujua mwimbaji ni wewe, mwanangu. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua, mama," binti akasema. "Ulidhani ni mtoto wa mwenzio."