Nywele Zilizonasa Kwenye Chanuo

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mlali baada ya watu kukusanywa katika kijiji cha ujamaa, nywele zilizonasa kwenye chanuo hazikuachwa zianguke ovyo. Mama aliziokota zote, akazivingirisha kiganjani, kisha akazifukia mekoni chini ya majivu ya moto. "Zikiokotwa na mwenye husuda," alinionya, "kichwa chako atakitawala yeye." Basi nilipochana nilikagua sakafu kama mtu aliyeangusha sindano, na upepo ukishuka kutoka milimani nilizikanyaga zisipeperuke.

Hata hivyo, ilibidi kumwamini anayekusuka. Sisi tulisukwa barazani kwa Bi Mwanahawa, jirani ambaye hatukumchagua. Nyumba zilipangwa kwa mstari, na yeye aliletwa kutoka upande wa pili wa milima pamoja na binti yake, Tatu, wa rika langu. Bi Mwanahawa alinibana kwa magoti, akanisuka twende kilioni, mistari iliyonyooka hadi kisogoni, huku akinitania: "Tulia, mchumba wangu. Shingo inazunguka kama ya bundi."

Kisha sabuni ikaadimika. Kina mama, kwa moyo uleule wa ujamaa, wakakubaliana kuipika pamoja. Walichuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi, wakayachemsha na mafuta ya mbono katika pipa moja, kila kaya ikapata kipande. Nguo zilitakata ajabu. Tukaogea, tukaoshea na nywele, nazo zikakakamaa kama katani. Mama aliamini dawa ya ukavu ni mafuta ya mgando. Akanipaka tabaka juu ya tabaka, kichwa kikiwa hakijaguswa na tone la maji. Kwa nje ziling'aa. Ndani ziliendelea kukauka.

Siku moja Mama alipokuwa akinifumua, msuko mzima ulibaki mkononi mwake. Akajaribu wa pili, nao ukaja. Akaiweka misuko yote miwili mapajani, akaniuliza:

"Mliposukwa mara ya mwisho, nani alifagia baraza?"

"Bi Mwanahawa."

Mama akaukumbuka hata ule utani wa bundi, ndege wa wachawi. Haikuchukua muda, bombani ndoo zikaanza kusogezwa mbali na ndoo ya Bi Mwanahawa. Salamu zake ziliitikiwa kwa mguno. Nikasikia ikinong'onwa kwamba mwanamke yule arudishwe alikotoka kabla hajammaliza mtoto mwingine. Mtoto wa kwanza nilikuwa mimi. Niliogopa kufa, na wakati huohuo niliogopa kwamba mtu angefukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya kichwa changu. Shuleni Tatu alianza kujifunga kitambaa. Sikumuuliza sababu, nilikuwa naogopa hata kivuli chake.

Hatimaye Mama alinishika mkono tukaenda, majirani wawili wakitufuata nyuma. Hakupiga hodi.

"Bi Mwanahawa, nywele za mwanangu umezipeleka wapi?"

Bi Mwanahawa hakujitetea. Alimwita Tatu, akamvua kitambaa. Kichwa cha Tatu kilikuwa na viraka vitupu, vikubwa kuliko vyangu.

"Na za huyu, Mama Rehema? Za huyu nimezipeleka wapi?"

Kisha jirani mmoja aliyekuwa nyuma yetu akaingiza vidole chini ya kilemba chake mwenyewe, akapapasa, akavitoa taratibu vikiwa na nywele zilizokatika. "Jamani," akasema kwa sauti ndogo, "ni ile sabuni."

Tangu hapo ilifulia nguo tu. Vichwa tuliviosha kwa maji matupu na utomvu wa mshubiri, na nywele zikiwa bado mbichi tukapakwa mafuta ya nazi kidogo sana. Mama alielewa kwamba mafuta hayazipi nywele maji. Huyazuia tu yaliyomo yasitoroke. Nywele zikaota. Bi Mwanahawa akaendelea kunisuka, lakini bila utani. Kila alipomaliza, aliziokota nywele zangu zote mwenyewe, akaziweka kiganjani mwa Mama. Mama alizipokea akitazama kando.

Leo binti yangu ana chupa nyingi kuliko duka la dawa. Nikimwambia achague mafuta yatakayozuia maji yasitoroke, na ayapake kichwa kikiwa kimelowa, hunijibu, "Mama, hayo nimeshayaona kwenye simu." Kizazi hiki hata kulowesha kichwa hufundishwa na simu. Saluni pale Morogoro mjini nywele zake hufagiwa pamoja na za watu asiowajua, naye hageuki kutazama. Jina la aliyemsuka pia halijui.

Nashukuru kwamba haogopi. Lakini juzi, alipotangulia kutoka saluni, niliinama nikaokota zilizobaki kwenye kiti chake. Nikasimama nazo kiganjani, nikiangaza huku na huku. Meko hayakuwapo, wala Bi Mwanahawa, ambaye ningependa safari hii nimtazame usoni, nisitazame kando kama Mama.