Jiko la Makaa na Vidole vya Mama Njeri

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa nikaambiwa nifute meza. Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, koti jeupe limepigwa pasi, nikidhani nitakalishwa kwenye maikroskopu. Wapi! Mkuu wa Maabara wa hospitali ile ya Nakuru, mwanamume mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinifutisha meza wiki nzima. Ijumaa ndipo akaniita, akaniwekea mbele kigae cheupe na chupa mbili ndogo.

"Hii ni damu ya mtu tunayejua ni mgonjwa, na hii ni ya mtu tunayejua ni mzima," akasema. "Kila ukipima watu, pima na hawa wawili. Siku ukiwaacha nje, jua unapiga ramli."

Nilimwona mzee wa kupenda maneno. Ninyi mnaoingia maabara siku hizi, mashine ikiwatemea majibu kwenye karatasi, pengine mtaniona mimi vilevile. Sawa tu. Nisomeni kwanza, mnicheke baadaye.

Nilifanya kazi Nakuru miaka kadhaa, nikapelekwa Rongai, kisha nikaandikiwa barua ya kwenda Mau Narok kuongoza maabara ya kituo kidogo cha afya. Kuongoza ni maneno ya barua, maana nilikuwa peke yangu. Na baridi ya kule, wee! Asubuhi nilikuwa nikishika mrija wa kioo siusikii. Nikanunua jiko la makaa, nikaliweka kando ya meza ya kupimia, dirisha nikaliacha wazi kidogo ili hewa ya makaa isiniue. Wagonjwa walilipenda jiko lile kuliko walivyonipenda mimi.

Kipimo kilichoitishwa zaidi kilikuwa cha brusela. Huu ni ugonjwa wa bakteria wa ng'ombe na mbuzi, mtu huupata kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Huleta homa na maumivu ya viungo, kwa hiyo kila aliyeumwa goti alikuja akisema, "Daktari, nipime brusela." Mimi si daktari, lakini nilichoka kuwasahihisha. Unachukua tone la maji ya damu, unalichanganya na tone la dawa yenye bakteria waliouawa, unakitikisa kigae polepole, unasoma kwa dakika chache. Mchanganyiko ukifanya chembechembe kama maziwa yaliyokatika, damu ile imeshawahi kukutana na bakteria hao.

Na chupa mbili kama zile za Mkuu wangu? Niliziacha kwenye friji. Foleni ilikuwa ndefu, dawa ilikuwa ikiisha haraka, na mimi nilikuwa najiamini kupita kiasi.

Mama Njeri alikuja akiwa na vidole vilivyovimba. Alikuwa na ng'ombe sita, anawakamua mwenyewe, na ndio waliokuwa wakisomesha watoto wake. Alisema asubuhi mikono inakaza, hawezi kufunga hata kifungo cha sweta. Nikampima, chembechembe zikatokea, nikaandika chanya na kutia sahihi. Akapewa sindano na vidonge vya wiki nyingi. Baada ya miezi akarudi, vidole vimezidi. Nikapima, chanya tena, akarudishwa kwenye sindano. Afisa wa mifugo alikuwa amewapima ng'ombe wake wote na kuwakuta wazima. Unajua nilisema nini? Nilisema huyo afisa hajui kupima.

Mara ya tatu alikuja siku ya mvua. Mikono alikuwa ameifunga kwa leso, na mumewe alikuwa ameshaita mnunuzi aje kuwaangalia ng'ombe, maana ndio waliokuwa wakilaumiwa. Siku hiyo makaa yangu yalikuwa yameloa, jiko halikuwaka. Nilipima watu kumi na mmoja nikitetemeka kwa baridi. Wote hasi. Mama Njeri pia, hasi.

Kwa kawaida siku kama ile ningepata wanne au watano chanya. Nikakaa nikikitazama kigae, kisha nikalitazama jiko lisilowaka. Nikamwambia mama wa watu asubiri jibu hadi nimtafute mwenyewe, asinywe dawa nyingine yoyote ya brusela.

Kesho yake nilitafuta makaa makavu, nikajitoa damu yangu mwenyewe. Mimi sijawahi kuumwa brusela, na maziwa mabichi siyanywi. Tone moja nililipima upande wa mlango, mbali na moto. Likabaki laini. La pili nikalipima palepale nilipozoea, kando ya jiko. Kabla sijamaliza kutikisa, kingo zikaanza kukauka na chembechembe zikajitokeza, nzuri, kama za kitabuni. Kumbe nilikuwa nawapa watu brusela ya jiko, na ile chupa ya damu ya mzima ingenionyesha mapema. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na nikaogopa, sitaficha.

Nilimpelekea kigae Mganga Msimamizi wa kituo. Alikuwa mtu mwema, lakini hakupenda makelele. Akaniambia nihamishe jiko na mambo yaishe hapo.

"Madam, hawa tuliowadunga sindano wakisikia, watasema nini?"

"Watasema tumewakosea," nikamjibu. "Na tumewakosea."

Akasema nitajiharibia kazi. Nikamwambia basi iharibike, lakini barua ya kuripoti kosa hili naiandika leo, na niliiandika. Nilipitia daftari, nikawaita wote niliowaandika chanya tangu nilete jiko, nikawatoa damu upya na kuipeleka Nakuru ipimwe kwa mirija, kipimo kirefu zaidi. Wachache walikuwa na brusela ya kweli. Wengi hawakuwa nayo. Wapo walionitukana, na niliwaacha wamalize. Nilipewa barua ya onyo, iko kwenye faili yangu hadi leo.

Mama Njeri nilimfuata kwake. Nilimkuta uani na mumewe, na mnunuzi ameshika kamba ya ng'ombe mmoja. Nikasema mbele yao wote kwamba kosa ni langu, brusela hana, na kuna ugonjwa mwingine unaomla viungo huku sisi tukitibu kisichokuwepo. Mama Njeri mwenyewe ndiye aliyeuliza.

"Sasa niambie ukweli. Hawa ng'ombe wamenifanya hivi ama hawajanifanya?"

Nilimwambia ninachokijua, na ninyi nawaambia vilevile. Mwili una walinzi wake. Kuna watu walinzi hao huwageuka, wakashambulia viungo vya mwili wenyewe, na hiyo ndiyo baridi yabisi, ambayo wengi hudhani inaletwa na baridi ya Mau. Wataalamu wanadhani bakteria fulani wa wanyama wanaweza kuwachokoza walinzi hao, kama mbwa aliyepigwa na mgeni mmoja akaanza kuwauma hata watoto wa nyumbani. Kuna bakteria wa kuku na ng'ombe wanaoharisha mtu, na wiki chache baadaye magoti ya baadhi ya watu huvimba. Hilo linajulikana. Kuna na wengine, wale wanaowakondesha na kuwaharisha ng'ombe, ambao bado wanachunguzwa kama wanahusika na magonjwa ya aina hii. Inawezekana. Lakini inawezekana si jibu la kuandika kwenye karatasi ya mgonjwa na kutia sahihi.

"Sijui," nikamwambia. "Na hakuna anayejua kwa hakika. Chemsha maziwa, usizalishe ng'ombe kwa mikono mitupu, na kesho twende Nakuru kwa daktari wa viungo. Usiuze kwa sababu ya karatasi yangu."

Akamtazama mnunuzi, akamwambia, "Fungua ng'ombe wangu."

Nilisema twende, na tulienda. Daktari wa viungo alithibitisha baridi yabisi, akamwanzishia dawa ya kuwatuliza walinzi. Uvimbe ulishuka, akarudi kukamua. Daktari alinieleza kando kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa mapema mikono hupona vizuri, ukicheleweshwa kilichopinda hakirudi. Mimi nilikuwa nimemchelewesha karibu miaka miwili.

Tangu siku ile hadi nilipostaafu, sikupima mtu bila zile chupa mbili. Foleni ikilalamika, ilalamike. Vijana wangu wa mwisho kazini walinibandika jina la Mama Chupa, na nililipenda.

Siku ya kuniaga Mama Njeri alitoka Mau Narok na galoni la maziwa, akatangaza kwa watu wote kwamba ameyachemsha. Watu wakacheka. Kisha akaja kunisalimia, nikaushika mkono wake wa kulia. Vidole vitatu vilinikaza vizuri, vya mkamuaji. Viwili vya mwisho vilibaki vimepinda, havikufunga. Nilivishika muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Yeye hakuvuta mkono.