Gari Lililokufa kwa Kimya Changu

Nakumbuka siku moja ambayo nataka uijue kabla hujazaliwa, mwanangu. Ndiyo, hujazaliwa, mimi mwenyewe nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na mbele za watu sina maneno. Lakini daftari halinikodolei macho, basi nakuusia humu ningali nakumbuka vizuri.

Baba yangu, yaani babu yako, ni fundi wa magari hapa Magongo. Mlio wa injini niliujua kabla sijajua kusoma, lakini spana hajanipa hata siku moja. "Zuhura, mikono yako ni ya kalamu," husema, na hapo ndipo mwisho.

Kisha akaja binamu yangu Mbwana, mtoto wa Shangazi Mwanakombo, anayefanya kazi ya makontena kule Kipevu. Alikuja na gari la mbio: jekundu, milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda. Mtaa mzima ukasema mashaallah, lisije likapata jicho. Baba akachukua ndoo na sabuni akaliosha mwenyewe, mpaka kwenye mianya ya rimu, huku akiimba. Baba huyo, mwanangu, hajawahi kufika shuleni kwangu siku ya wazazi. "Huyu ndiye kijana wangu," akasema, mkono begani mwa Mbwana. Mimi nilitamani lile gari lipasuke. Mashaallah haikunitoka. Husemwa kuwa hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, tena nikiilea.

Jumapili Mbwana akanichukua kunitembeza barabara ya Dongo Kundu. Alikanyaga mafuta mpaka mgongo ukaniganda kitini. Kila kwenye kona, taa nyekundu yenye umbo la birika iliwaka mbele ya usukani, ikazimika. Macho yake yalikuwa barabarani. Mimi niliiona. Tangu utotoni namsikia Baba akiwaambia madereva: birika likiwaka, zima injini papo hapo, oili haifiki. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: "Simama, Mbwana." Nikayameza. Nikajiambia ni haya zinazonifunga mdomo. Lakini haya zangu nazijua, na zile hazikuwa zenyewe.

Kona ya nne au ya tano injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, halafu kishindo, halafu kimya. Tukavutwa kwa kamba mpaka gereji ya Baba.

Shangazi alifika leso imemporomoka kichwani. "Hili ni jicho, wallahi! Bi Tima alilitazama juzi akasema 'gari zuri' tupu, bila mashaallah! Yuwapi?"

Bi Tima ni jirani yetu, mjane anayeuza viazi vya karai mbele ya gereji. Na kwetu, mtu akishukiwa kijicho huombwa atawadhe kwenye beseni, maji yake yakamwagiwe kilichodhurika. Ni dawa, sikatai. Lakini ukishaombwa maji mbele ya watu, jina la hasidi utazikwa nalo. Nani tena atanunua chakula mkononi mwako? Beseni likaletwa. Bi Tima akasimama, vidole vina unga.

"Mwanakombo, huyu mtoto mimi nimekulelea."

"Basi toa maji, kama huna lako!"

Baba alikuwa ameinamia injini. Alitia spana kwenye puli, gurudumu la mkanda, aizungushe injini kwa mkono. Haikusogea hata kidogo. Akachomoa kijiti cha kupimia oili: kikavu. Akafungua chini, ikatoka oili haba, akaisugua vidoleni, akaigeuzia juani. Ilimetameta vichembe vya chuma.

"Mwache mwanamke wa watu," akamwambia dada yake. "Injini hii imekufa kiu. Oili ilikuwa chini, akaipeleka mbio, kwenye kona ikakimbilia upande mmoja, vyuma vikasagana vikavu." Akamgeukia Mbwana. "Taa haikuwaka?"

"Haikuwaka, mjomba. Wallahi sikuona taa."

"Haya!" Shangazi akapiga makofi. "Taa nayo ilifumbwa na nani?"

Bi Tima akaanza kukunja mikono ya dera.

"Iliwaka," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikapayuka kwa sauti nisiyojua kama ninayo. "Iliwaka! Niliiona nikanyamaza!"

Baba akanitazama. "Ukanyamaza kwa nini, Zuhura?"

"Kwa sababu uliliosha."

Aliyeelewa ni yeye peke yake. Aliinamisha macho kwenye mikono yake yenye oili. Mimi nikamwondoa Bi Tima kwenye beseni, nikanawa mikono na uso mbele ya wote, nikamsogezea Shangazi yale maji. Akayamwaga mtaroni, si kwenye gari. Mbwana hajanisemesha mpaka leo, na ana haki. Baba naye bado hajafika shuleni, nisikudanganye.

Basi nakuusia, mwanangu. Wivu utakujia, usijione mwema mno. Ukija, usiulaze na kimya. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo huo humwangukia asiyehusika. Mwendee aliyekuumiza, umwambie umeumia, hata ukitetemeka. Na ukimwona unayemwonea kijicho anaelekea shimoni, sema kwanza. Kununa utanuna baadaye.

Mungu akupe ulimi mwepesi kwenye heri, na akupe baba atakayekuona bila kungoja upayuke. Amina.