Walikuja Kunipa Pole ya Msiba, na Mke Wangu Yuko Jikoni

Wanaume watano walikuja kwangu kunipa pole ya kufiwa na mke.

Mke wangu alikuwa jikoni anakaanga samaki.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, hapa Guangzhou. Nafungua mlango, nawakuta wamevaa suti nyeusi. Mbele yuko Mzee Kassian, mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania. Nyuma yake Khalid, jamaa wa Tanga anayesoma chuo kikuu mambo ya ustawi wa jamii. Watatu waliobaki ni wafanyabiashara wenzangu.

"Pole sana, Elinami," Mzee Kassian akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tumepata taarifa za msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa Mama Goodness."

Nikacheka. "Mzee, Odilia yuko jikoni hapo. Harufu ya samaki hamuisikii?"

"Tunaisikia," akasema huku anakaa. "Hajafa bado. Tumewahi."

Aisee. Kicheko kilinikauka mdomoni.

Ngoja niwaambie nilikuwa mtu wa aina gani.

Pale Zhanqian Road ninaponunua nguo za jumla, kila laoban, yaani bosi mwenye duka, alinijua kwa tabasamu. Nyumbani nilikuwa napiga. Wiki ile nilikuwa nimemvunja Odilia mkono, kisa nimemkuta anacheka kwenye simu.

Alikuwa anaongea na dada yake.

Majirani waliita polisi. Nikapewa karatasi ya onyo ya Kichina, mkalimani akanisomea kwa simu harakaharaka. Nikasaini, nikaikunja, nikarudi nyumbani nikamuuliza kwa upole, "Umefurahi sasa?"

Kwa hiyo samaki wale alikuwa anawakaanga kwa mkono mmoja.

Mzee Kassian akatoa kijidaftari. "Tupange maziko. Azikwe wapi? Kwao Rombo au kwenu Usangi?"

"Mzee, utani huu sio poa."

"Nani atampigia mama yake simu?"

"Goodness ana miaka sita," Khalid akadakia. "Atalelewa na nani, baba akiwa gerezani?"

Nikasimama. Ngumi nimeikunja. Hakuna aliyesogea hata kidogo.

"Na sababu ya kifo tuseme nini?" Mzee Kassian akauliza, kalamu iko tayari. "Tuseme ameteleza bafuni?"

Hayo ndiyo maneno niliyowaambia hospitali kuhusu ule mkono.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni mwa jikoni.

"Nizikwe kwetu Rombo. Usangi sitaki."

Odilia. Amesimama, mkono umefungwa hogo la plasta, hana hata chozi.

"Nguo ya kunivalisha nimeshamwonyesha Albina," akaendelea. Albina ni mke wa Mzee Kassian. "Ni ile ya bluu. Ina mikono mirefu, itafunika."

Nikakaa. Mke wangu alikuwa ameshapanga maziko yake, na mimi kila siku nakula chakula chake na kulala usingizi mzuri.

Siku ileile Odilia na Goodness walihamia kwa Albina. Mimi nikapewa agizo: Jumamosi saa tisa alasiri, chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja pale Huanshi Zhonglu.

Tulikuwa wanaume tisa. Hakuna mkalimani, hakuna karatasi. Khalid alisema mambo haya tutayaongea kama kikao cha ukoo. Unasimama, unataja jina lako na la mama yako, unasema ulichofanya. Ukisema "aliniudhi", unakalishwa, unaanza upya.

Jumamosi ya kwanza nikajitutumua. "Kwetu mwanamke anafundishwa. Ni mila."

"Sawa," Khalid akasema. "Mpigie mzee wa kwenu."

Nikampigia baba mdogo, Usangi. Nikaweka spika, kila mtu asikie.

"Baba mdogo, kumpiga mke ni mila yetu?"



"Nani amekudanganya? Ukoo ulimkalisha baba yako mara tatu kwa sababu ya kumpiga mama yako. Mara ya tatu mama yako akarudi kwao, na sisi ndio tuliomsindikiza. Wewe uliambiwa ameenda kumuuguza bibi yako."

Nililia mbele ya wanaume wanane. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nasingizia mila jambo ambalo wazee wangu walilikataa mchana kweupe.

Wiki zikaenda. Wiki ya nane Mzee Kassian akanitaka nirudishe pasi ya kusafiria ya Odilia niliyokuwa nimeifungia kwenye sanduku. Nikairudisha kiroho safi. Nikaona mambo yanaiva. Nikapaka chumba rangi, nikanunua mapazia mapya.

Wiki ya kumi na mbili nikaitwa nyumbani kwa Mzee Kassian. Nikanyoa, nikapiga pasi shati.

Naingia, nakuta mabegi mawili mlangoni.

"Odilia anasafiri leo," Mzee Kassian akasema. "Yeye na mtoto."

"Anasafiri? Si nimemaliza vikao?"

"Umemaliza. Nani alikuahidi mke?"

Kweli, hakuna aliyeniahidi.

"Kila Jumamosi saa tisa tulijua uko wapi," Albina akasema taratibu. "Ndiyo saa pekee Odilia aliyothubutu kutoka nje. Ndiyo saa aliyofuatilia karatasi zake za safari."

Nitasema ukweli. Ile hali ya kabla ya kupiga ilirudi. Masikio yakaziba. Kati yangu na Odilia kulikuwa na hatua tatu, nilizihesabu.

Na yeye aliniona nikihesabu. Akamvuta Goodness nyuma yake, bila kelele, kama mtu aliyezoea.

Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka.

"Naitwa Elinami," nikajisikia nikisema. "Mama yangu ni Nakijwa. Sasa hivi nataka kumpiga mke wangu."



"Kaa chini," Mzee Kassian akasema.

Nikakaa. Sakafuni.

Odilia akachukua begi. Nikamwomba nimsindikize mpaka Baiyun, uwanja wa ndege.

"Hapana," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinikatalia bila kuogopa. Au labda aliogopa, akasema hivyohivyo.

Wakaenda.

Huu ni mwaka wa pili. Naongea na Goodness kwa simu pale mama yake anaporuhusu. Wiki nyingine haruhusu, na sipigi tena kuuliza kwa nini.

Namwandikia mwanaume mmoja tu: yule anayesoma hapa huku anajiambia hali yake haijafika huku. Na mimi nilijiambia hivyo. Tafuta watu wa lugha yako, wanaokujua kwenu, wasioogopa kukukatalia. Waambie leo.

Na mkeo akiamua kuondoka, pisha njia.