Nilivyomuua Mama Mkwe kwa Mdomo

Jamani, aibu niliyoipata kijijini Akheri, huko Meru, siku niliyokwenda kujitambulisha kwa kina mchumba wangu Elifuraha sijawahi kuisimulia yote kwa mpigo, huwa naitoa vipande vipande huku nimefunika uso kwa kanga, lakini leo naisema mwanzo mpaka mwisho kwa sababu najua wengine mmeshaisikia kwa watu na mmeongezewa chumvi (hapana, sikufungwa kamba, na hapana, polisi hawakuja, ingawa ilibaki kidogo).

Kwanza mjue mimi ni mtu wa vitabu. Nauza kwenye duka la pembejeo pale Sakina, Arusha mjini, mbegu, mbolea, dawa za kunyunyizia mimea, dawa za minyoo ya ng'ombe, na mteja akigeuza mgongo tu navuta droo natoa riwaya yangu. Napenda za upelelezi kuliko zote. Tuko wanawake kadhaa tuna grupu letu kwenye simu, tunasoma kitabu kimoja halafu kila mtu anatuma maoni yake, na mimi, sijisifu, naogopwa, maana sina huruma. Kuna kimoja cha mauaji ya hotelini, mpelelezi wake hali, halali, anavuta sigara tu kuanzia ukurasa wa kwanza, nikawaambia huyu hatakamata muuaji, atakamata kifua kikuu. Kingine muuaji anajitokeza mwisho kabisa, mtu ambaye hatujawahi kumwona hata akipita barabarani, nikasema huo si upelelezi, huo ni uganga. Hata kitabu cha mawaidha ya ndoa alicholeta rafiki yangu Upendo nilikichambua mpaka akanuna wiki nzima (mwandishi anasema mke asiongee mume akiwa amechoka, sasa mume wa Arusha hajachoka lini?).

Basi, Elifuraha akasema Jumamosi twende kwao, mama anataka kukuona. Na mimi nilikuwa namwogopa huyo mama kabla ya kumwona, kwa sababu Elifuraha ndiye mtoto wake wa kiume pekee, baba alishafariki, na kulikuwa na msichana wa hukohuko Meru, anaimba kwaya, ambaye ukoo mzima ulikuwa umeshamchagua. Mimi ni Mnyiramba wa Singida, Kimeru sijui hata salamu. Ilibidi nipendwe siku hiyohiyo, nilijua hakuna nafasi ya pili.

Nikajiandaa. Nikashona gauni refu, nikasuka nywele za heshima, na nikafikiria zawadi ambayo mtu mwingine hawezi kufikiria. Sukari na kanga kila mtu anapeleka. Mimi nikachukua dukani chupa ya dawa ya wadudu wa kahawa, ile kali, nzuri, maana Elifuraha aliniambia kahawa ya mama inaliwa na wadudu na amehangaika nayo. Nikaifunga kwenye gazeti, nikaitia mkobani. Niliiona ni akili kubwa sana hiyo.

Tukafika. Mama akatoka na kanga kiunoni, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, karibu ndani. Ndiye huyu?"

"Ndiye," akasema Elifuraha, anatabasamu kama amebeba kombe la mpira.

Tukapewa loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, bakuli limejaa mpaka shingoni, na mimi maziwa yaliyochacha na tumbo langu hayajawahi kupatana tangu utotoni, lakini nikala, nikafuta bakuli, nikasema tamu mama, akaniongezea. Pembeni alikaa shangazi yake Elifuraha, shangazi Anaeli, mama mnene mkimya ambaye aliniangalia viatu, akaniangalia nywele, akarudi kwenye viatu. Baada ya muda Elifuraha akaondoka kwenda kuchukua nyama kwa mchinjaji huko chini, shangazi naye akachukua panga lake akasema anakwenda kukata majani ya ng'ombe, nikabaki na mama, na simu yangu ikaanza kutetemeka mkobani.

Hapa ndipo nilipokosea. Ningeiacha simu itetemeke, mkasa huu usingekuwepo. Lakini nikachungulia.

Kumbe grupu limewaka moto. Wiki ile tulikuwa tunasoma riwaya moja ya mwanamke anayeolewa kwenye nyumba ya tajiri mwenye mashamba, anamchukia mama mkwe wake, na tangu ukurasa wa pili msomaji unajua atamuua, ila mwandishi anazunguka, anazunguka, mara mvua, mara ndoto, mpaka kitabu kinakaribia kuisha ndipo mama wa watu anakufa. Na Upendo, bila aibu, amesema hicho ndicho kitabu bora alichowahi kusoma, na wenzake wanamwitikia! Damu ikanichemka. Nikamwambia mama samahani naomba nipige simu ya kazini kidogo, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia mgombani ambako mtandao ulikuwa unashika, nikabonyeza kurekodi voisi, nikafoka.

Nawapa yale niliyosema mwishoni, maana baadaye niliyasikia tena mbele ya hadhara na sitayasahau mpaka naingia kaburini: "Upendo, usinichekeshe! Huyu mama mkwe alitakiwa afe mapema. Ingekuwa mimi ningemuua siku ya kwanza tu. Unaingia pale mgeni, unajifanya mpole, unakwenda jikoni kusaidia, unamwekea kwenye chai. Na si sumu ya haraka, hiyo inashtua watu. Unaweka ile ya polepole, anakunywa leo, anazikwa mwezi ujao, na wewe ndiye unalia kuliko wote msibani. Halafu mashamba yanakuwa ya nani? Ya kijana. Na kijana ni wa nani?"

Nikacheka. Nakumbuka nilicheka vizuri sana, mpaka nikashika mgomba.

Nilichokuwa sijui ni kwamba majani ya ng'ombe yanakatwa upande wa pili wa migomba hiyohiyo.

Nikarudi nyumbani nimechangamka. Nikamwambia mama, "Mama pumzika, mimi ndiyo nitapika chai." (Jamani!) Akafurahi, akanionyesha jikoni, nikawasha moto, nikachemsha maziwa, nikaponda tangawizi, na wakati huo nikamwona shangazi Anaeli anakatiza uani mbio bila majani yoyote, akamvuta mama mkono, wakaingia chumbani, nikasikia Kimeru cha kunong'ona, halafu mama akasema "Mungu wangu!" kwa Kiswahili.

Sasa mimi, bingwa wa dalili, mtu ninayewakamata wauaji wa vitabuni kabla mpelelezi hajavaa koti, nikaanza kusoma dalili. Mama ametoka ananiangalia kwa jicho lingine. Shangazi anapiga simu nyuma ya mlango. Majirani wawili wanaume wamekuja wamesimama getini. Nikajumlisha vyote nikapata jibu: nimekubalika! Wanaita wazee ili nitambulishwe rasmi. Nikazidisha tangawizi.

Nikaleta chai. Nikamimina, nikapiga goti, nikampa mama kikombe kwa mikono miwili. Mama akakipokea kama amepewa kaa la moto, akakiweka chini.

"Kunywa wewe kwanza, mwanangu," akasema.

Nikajua ni mila. Nikanywa. Wote wakanitazama koo. Nikanywa kikombe kizima, nikatabasamu, hakuna aliyegusa chake. Shangazi akamwambia mama neno kwa Kimeru na mama akatikisa kichwa kwa huzuni (baadaye nilitafsiriwa: "Alisema ni ya polepole").

Mara akaingia mwenyekiti wa kitongoji, mzee mrefu mwenye koti, na wale majirani nyuma yake. Wakakaa. Wakanitazama mimi. Mimi nikaona labda mwanamke wa Singida anatakiwa ajieleze mwenyewe, na nilikuwa na hotuba nimeikariri tangu Sakina, nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi naitwa Salome. Nimekuja kwenye nyumba hii nikiwa na nia moja tu. Nimeipanga muda mrefu, sikukurupuka. Najua mama hakunitarajia, lakini nilichokikusudia moyoni nitakikamilisha, leo au baadaye, polepole, bila haraka."

Shangazi Anaeli akashika kifua.

"Na mama," nikaendelea, naona machozi yananilenga kwa jinsi hotuba ilivyokuwa inakwenda vizuri, "kuna kitu nimekuletea kutoka dukani kwetu." Nikaingiza mkono mkobani, nikafungua gazeti, nikainua juu ile chupa, na fuvu lake jekundu la onyo linawaangalia watu wote.

Wee! Shangazi alipiga yowe ambalo nadhani walilisikia hadi kule Makumira. Kiti kikaanguka, chai ikamwagika, jirani mmoja akaruka akaninyang'anya chupa, mwenyekiti akasimama akanyoosha kidole: "Binti, kaa chini! Usiguse kitu! Nani amekutuma?"

"Kunituma nini, mzee?"

"Umesikika kwa masikio! Mgombani! Umesema utamuua mama wa watu siku ya kwanza, umwekee kwenye chai, uchukue shamba! Unakana?"

Ndipo nikaelewa yote kwa pamoja, chai, macho, majirani. Nikamtazama mama. Kilichoniumiza ni kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa analia. Alisema taratibu, "Mimi nilikuwa nimeshakupenda. Umekula chakula changu, nikakuongezea."

Nikaanza kujitetea, "Mama, ni kitabu, ni riwaya, kuna mama mkwe ndani ya kitabu," lakini hebu fikiria ungekuwa wewe umekaa pale, ungeamini? Mwenyekiti akatoa simu yake, akasema anapiga kituoni. Na hapo hapo Elifuraha akaingia na mfuko wa nyama mkononi, akatuangalia, akaangalia chupa, akaangalia mama anayelia.

"Salome, kuna nini?"

Nikamwambia huku nalia kwamba nilirekodi voisi ya grupu la vitabu. Akaelewa palepale, maana anatufahamu. Akamwambia mwenyekiti, "Mzee, subiri kidogo usipige. Hiyo voisi ipo. Tuisikilize wote."

Jamani, nilifurahi kwa sekunde moja. Halafu nikakumbuka kilichokuwa mwanzoni mwa ile voisi.

Nikasema labda tusikilize kuanzia katikati. Mwenyekiti akasema kuanzia mwanzo, na akaichukua simu mwenyewe, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka mezani. Sauti yangu ikajaa sebule: "Mambo zenu, niko ukweni Akheri, nimejificha mgombani. Nimepewa loshoro jamani, nimeila kwa imani tu, tumbo linaunguruma kama trekta, na huyu mama kaniongezea! Halafu kuna shangazi hapa hajasema neno, ananikagua viatu kama mtu wa forodha. Ila mama mkwe mwenyewe ananitisha na ananivutia, mwenzenu natamani anipende mpaka natetemeka. Haya, tuje kwenye kitabu. Sura ya kwanza ni ndefu mno..."

Na ikaendelea, sura kwa sura, mwandishi kakosea hapa, mpelelezi mzembe pale, mpaka ikafika "Upendo, usinichekeshe," na sumu, na msiba, na kicheko changu. Ikaisha. Mimi nilikuwa nimeangalia sakafu nahesabu nyufa za saruji.

Wa kwanza kutoa sauti alikuwa mama. Nilidhani analia tena, kumbe anacheka, anacheka amejikunja, kanga imemlegea, anasema "kwa imani tu! kama trekta!" na Elifuraha akaanza, na majirani, na mwenyekiti akageukia ukutani ili asionekane, mabega yanatikisika. Shangazi Anaeli peke yake ndiye hakucheka. Akaniuliza kwa sauti nzito, "Forodha?"

"Nisamehe shangazi."

"Viatu vyako ni vizuri," akasema. "Nilitaka kuuliza umenunua wapi." Ndipo na yeye akacheka.

Siwezi kuwaeleza ile hali ya kushuka kwa mzigo. Mama alikuja akanikalisha karibu yake, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akasema, "Kumbe huwezi maziwa mgando? Mbona hukusema, mwanangu? Nyumba hii mtu anasema." Mwenyekiti akamsomea lebo ya dawa, akamwambia hii ndiyo hasa ya wale wadudu wako, akaenda kuifungia stoo yeye mwenyewe. Chai ikapashwa moto tena, kila mtu akanywa, ingawa niliona jirani mmoja ananusa kwanza.

Na mnajua waliongea nini mchana kutwa? Kitabu. Mama aliuliza huyo mama mkwe alimkosea nini mkwewe, nikaeleza, akasema mwandishi kamwonea, hakuna mama wa hivyo. Shangazi akasema wapo, tena wengi, akataja mmoja wa jirani. Mwenyekiti akasema mimi nimekosea kabisa kumtaka afe mapema, kwa sababu akifa sura ya tatu, kurasa zilizobaki watu watasoma nini? Tukabishana mpaka nyama ikaungua. Yule wa kwaya hakutajwa hata mara moja, na tulipoaga mama alitusindikiza hadi barabarani akiwa amenishika mkono.

Posa ilipelekwa, ikapokelewa Singida bila vikwazo, na mwaka huu tunafunga ndoa. Vitabu sijaacha na siachi. Lakini nimeapa, voisi basi, maoni yangu sasa nayaandika, tena nikiwa kwangu, mlango nimefunga, na lile neno "kuua" nimelifuta kabisa kinywani, siku hizi nasema tu "huyu angemmaliza mapema". Elifuraha anasema hilo ndilo baya zaidi.