Pamba Kwenye Injini

Baba alikinunua kigari chetu kwa mhandisi wa mgodi wa almasi wa Mwadui aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao. Ni kidogo kiasi kwamba ukisimama kando yake, paa linaishia kifuani. Injini iko nyuma, ina silinda mbili tu, na haina rejeta. Hapo ndipo watu huanza kuniuliza maswali, nami nimefundisha fizikia sekondari maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo napenda kuulizwa. Injini hii inapozwa na upepo. Feni inavuta hewa na kuisukuma ndani ya kava la bati. Hewa inapita katikati ya mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda, kisha inatoka chini ikiwa imebeba joto. Ukiielewa njia ya hewa, umeielewa nusu ya gari.

Nusu iliyobaki ni uvumilivu. Oili ya injini ndogo huchakaa upesi, kwa hiyo ibadilishe kabla hujaambiwa. Platini, zile ncha zinazokata na kuunga umeme wa plagi, hulika kidogo kidogo. Ziguse kwa msasa laini, usizikwangue. Mwanya wa vali hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, maana chuma cha moto kimetanuka na kitakudanganya. Vumbi la Kishapu huingia kwenye ngoma za breki na tundu dogo la kabureta, na vyote viwili vinahitaji kufunguliwa na kupulizwa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachomshinda mtu mwenye spana chache na asubuhi nzima ya Jumamosi.

Baba alipofariki, kigari kilibaki uani kwangu Mhunze, huko Kishapu. Kaka yangu mkubwa, mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu Geita, alitaka kiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nikakataa. Tulibishana kwenye simu mpaka akachoka, akasema tukutane kwake kwenye kikao cha familia.

"Njoo nacho," alisema. "Kikifika kwa magurudumu yake, ni chako, sitakigusa tena. Kikifika juu ya lori, kinashushwa moja kwa moja kwenye mzani wa chuma."

Nikakubali. Akaongeza kwamba shangazi yetu, dada yake baba, asafiri nami awe shahidi, kwa sababu hajawahi kumpendelea mtu yeyote.

Tuliondoka alfajiri, msimu wa kununua pamba. Shangazi alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Alisema hata ungo una nafasi kuliko gari hili, na wenye ungo wangekuwa wameshafika. Kutoka Mhunze tulijikuta nyuma ya lori la pamba lililojazwa mpaka likapata kitambi. Nyuzi zilipeperuka barabara nzima. Nilitafuta nafasi ya kulipita, lakini kigari hiki kupita lori si jambo la dakika, kwa hiyo tulilifuata muda mrefu sana.

Shinyanga tukapita, Tinde tukapita, Kahama tukanywa chai. Kigari kilikuwa kinaimba vizuri. Baada ya Kakola, kwenye kipande cha kupanda, ndipo nguvu ilipoanza kupungua. Nikasikia harufu ya oili iliyoungua, nikazima na kukiacha kisogee pembeni. Ukisikia harufu hiyo usijikaze kufika mbele kidogo. Hapo mbele kidogo ndipo pistoni hukwama.

Mahali tuliposimama palikuwa na wachimbaji wadogo, na maduara yao, yale mashimo marefu ya kwenda chini, yalikuwa karibu na barabara. Wakaja wengi. Mmoja alikuwa ameshafungua bati la nyuma na kuinua dumu la maji.

"Mayu, rejeta yako imekauka," aliniambia kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma. "Tulia, nakumwagia."

Nilimshika mkono. Kila mtu huku amezoea kwamba gari likichemka dawa yake ni maji, na angeyamwaga kwa moyo mweupe juu ya chuma kinachotoa moshi. Silinda ingepasuka hapo hapo. Nikamwonyesha mapezi na feni, nikaeleza njia ya hewa kama darasani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia wenzake kwamba gari la huyu mama linapumua kama mtu.

Wenzake wakaona njia rahisi zaidi. Lori lao lilikuwa linakwenda Geita tupu, na kigari chenyewe wangekiinua mikononi. Kweli wangeweza. Wanne walishainama kukamata bampa. Nikamtazama shangazi.

"Kikipanda lori nitasema kimepanda lori," alisema, akaendelea kumenya chungwa lake.

Nikawashukuru na kuwaomba waache. Nilikuwa nimeshaingiza kijiti chini ya kava, kikatoka na kitu laini. Ilikuwa pamba. Feni ilikuwa imevuta nyuzi njia nzima ya Kishapu na kuzishindilia katikati ya mapezi, zikashikana na oili na vumbi mpaka hewa ikakosa pa kupita. Kwa mkono nisingezifikia. Lakini kwenye duara la karibu kompresa ilikuwa inanguruma, mpira wake wa hewa ukishuka shimoni kwa wachimbaji.

Wakakisukuma kigari mpaka pale. Nikamwomba msimamizi upepo kidogo. Akanisikiliza vizuri, akatikisa kichwa.

"Hewa hii ina watu chini, mama. Wakipanda, ni yako."

Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Tukakaa. Kusubiri kulinifaa pia, kwa sababu injini ilikuwa inapoa taratibu, jinsi inavyopaswa. Zamu ilipopanda, watu wote wakahesabiwa juu, ndipo msimamizi akanipa mpira. Nilipuliza kutoka chini kwenda juu, kinyume cha njia ya kawaida, ili uchafu urudi ulikoingilia. Pamba ya kijivu ikaruka mpaka tukapiga chafya. Nikapima oili, nikaongeza, nikapiga stata. Kikawaka.

"Wabeja," nikawashukuru kwa Kisukuma, nao wakatusindikiza kwa miluzi.

Geita tulifika jua likiwa bado lina nguvu. Kaka alikizunguka kigari, akainama kutafuta alama za kamba ya kuvutia. Hakuzipata, akamgeukia shangazi. Naye akaeleza kila kitu, hata yale ambayo mimi ningeyaacha: kwamba kilisimama, na kwamba wachimbaji walikisukuma.

"Kusukumwa si kuendeshwa," kaka alisema.

"Wewe ulitaja magurudumu," shangazi akamjibu. "Walisukuma kwa magurudumu ya nani? Na kutoka pale, nani alinisukuma mimi mpaka hapa?"

Kaka akacheka bila kutaka. Akaingia ndani na kurudi na ufunguo wa pili, aliokaa nao tangu mazishi, akauweka mkononi mwangu. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kwamba baba hakuwahi kumruhusu kukiendesha.

Nikamwambia injini bado ni ya moto. Asubuhi, ikiwa baridi, tutapima vali pamoja, halafu nitamwonyesha jinsi ya kukanyaga klachi mara mbili kwenye kila gia. Akauliza aamke saa ngapi.